Kipele Hakitaji Jina

Ijumaa ile naikumbuka, mwanangu, mpaka joto la mabati yake. Nilikuwa bafuni, Manundu pale Korogwe, kwenye nyumba ya kupanga, naoga niwahi msikitini. Bafu lenyewe lilikuwa mabati manne bila paa, na jua la saa tano lilinimulika utosini. Siku nyingine zote nilikuwa naoga alfajiri kwenye gizagiza, kwa hiyo mwili wangu nilikuwa naujua kwa mkono tu, si kwa macho. Siku ile nikainama kuokota sabuni, nikajiona.

Nitasema wazi, maana mficha uchi hazai, na umri wangu sasa hauna haya ya kupoteza. Kwenye uume wangu, upande wa chini, palikuwa na vipele vidogo vidogo, vyeupe vinavyoelekea unjano, vimetawanyika mfano wa punje za ulezi chini ya ngozi. Havikuwasha. Havikuuma. Nikivuta ngozi vinajitokeza, nikiiachia vinajificha. Na kitu kinachojificha, kwa mtu wa tabia yangu, kimeshakutwa na hatia.

Tabia yangu ujue mapema. Mimi ni mtu wa kushuku. Mama alikuwa akisema nilizaliwa nikimtazama mkunga kwa jicho la pembeni. Hata leo mtu akinisalimia mara mbili kwa siku moja najiuliza anatafuta nini. Sijisifu kwa hilo. Nakwambia tu ili ujue aliyekuwa bafuni siku ile ni mtu wa namna gani.

Nilikuwa na miaka ishirini na sita, mwaka wangu wa kwanza wa ndoa. Mke wangu Mwanaidi, binti wa Mkumbara, alikuwa na mimba ya miezi mitano. Kazi yangu ilikuwa kununua maharage na mahindi kwenye magulio ya Handeni na kuyauza Korogwe, kwa hiyo kila wiki nilikuwa nalala nje siku tatu au nne. Mwanamke mwingine sikuwahi kumjua, si kabla ya Mwanaidi wala baada yake. Basi hoja niliyoijenga pale bafuni, povu likiwa bado masikioni, ilikuwa fupi: mimi sijatoka, ugonjwa umeingia, na mlango ni mmoja. Msikitini nilikwenda, lakini ukiniuliza khatibu alihutubu nini, sijui.

Mwanangu, shaka haikosi chakula. Ukishaifungia ndani ya nyumba italishwa na chochote kilichopo. Mbele ya nyumba yetu, barazani, alikaa fundi cherehani aitwaye Shabani, kijana mtaratibu wa umri wangu. Miezi yote sikumwona. Kuanzia Ijumaa ile nikawa simwoni mwingine. Kwa nini kamshonea mke wangu pindo la khanga kabla ya wateja waliomtangulia? Kwa nini Mwanaidi akipita anamwambia "pole na kazi" kwa sauti laini vile? Mtu mwenye akili angejibu kwamba mjamzito hupishwa foleni, na kwamba pole na kazi kila mtu huambiwa. Mimi akili nilikuwa nayo, ila nilikuwa nimeipa likizo.

Jumatatu Mwanaidi akarudi kutoka kliniki ya wajawazito na kikaratasi. Kiliandikwa kwamba mwenzi wake afike naye siku itakayofuata, wapimwe damu wote wawili. Leo kila kijana anajua huo ni utaratibu wa kila mjamzito. Mimi nilikisoma kile kikaratasi mara tatu, na kila mara nilisoma jambo moja tu: wamemkuta na kitu, sasa wanamtafuta wa pili.

"Utakwenda lini, baba watoto?" akaniuliza.

"Nina safari."

"Na ukirudi?"

"Nikirudi nitakuwa nimechoka."

Akanitazama. Nikakikunja kikaratasi nikakisukuma chini ya godoro, nikaona nimefanya jambo la kiume.

Wiki ile ile, gulioni kule Handeni, nikamkuta muuza dawa. Alikuwa ametandika turubai, chupa zimepangwa, kipaza sauti kinaunguruma: tumbo, nyonga, bahati, vipele vya sirini. Aliposema vipele vya sirini nikahisi ananitazama mimi. Nikasubiri watu wapungue, nikamsogelea na kumnong'oneza. Hakuomba kuona. Hilo peke yake lingenitosha kushuku, mimi ninayeshuku hata salamu! Akaniuliza kitu kimoja tu: "Una mke?" Nikasema ninaye. "Ukisafiri anabaki na nani?" Nikainamia chupa zake. Akatikisa kichwa kwa huruma, akatia dawa kwenye kichupa, akasema, "Paka usiku tatu. Vikidondoka, ujue vilikuwa vya mtu."

Umeona ujanja huo? Yeye hakunituhumia mke. Alinichimbia shimo tu, nikajitumbukiza mwenyewe.

Dawa ile, nilikuja kuambiwa baadaye, ilikuwa utomvu wa manyara, ule mti wa uzio unaotoa maziwa, umekorogwa na kitu cheusi. Sisi kwetu tunaupanda kuzuia mbuzi, na mbuzi kwa ulafi wake wote haugusi. Mimi niliupaka mahali ambapo sitapataja mara ya pili. Usiku wa kwanza ulichonyota. Usiku wa pili nililala nimeng'ata shuka. Wa tatu haukufika, kwa sababu ngozi ilikuwa imebabuka, inatoa maji, na kutembea kwangu kukawa kwa mtu aliyebeba ndoo mbili zisizoonekana. Vipele, kama unataka kujua, vilikuwa palepale kando ya kidonda, vimetulia.

Nikarudi Manundu na siri yangu. Nikawa nalala nimegeukia ukuta. Naoga peke yangu kwa muda mrefu, nguo zangu nafua mwenyewe, jambo ambalo halikuwahi kuonekana katika nyumba ile. Mwanaidi akiniuliza nasema nyonga. Akinigusa nasema joto. Alikuwa akikaa ukingoni mwa kitanda, mkono juu ya tumbo, hasemi kitu, na mimi ule ukimya wake nikautafsiri kuwa ni wa mtu mwenye hatia. Nakwambia haya, mwanangu, na aibu bado ninayo.

Safari iliyofuata nilirudi siku moja kabla ya ilivyotarajiwa. Sitasema ilikuwa bahati; nilikusudia. Nikakuta kwenye karai la vyombo vikombe viwili vya chai. Viwili, na nyumbani yupo mtu mmoja. Nikatoka uani, nikamkuta mama mpangaji mwenzetu anapepeta mchele, akanisalimia vizuri tu, kisha akasema, "Yule mgeni wenu wa jana aliondoka salama? Yule mwanamume?"

Nikaingia ndani. Nikamuuliza Mwanaidi, taratibu kabisa, "Jana alikuja nani?"

Akashusha macho. "Hakuja mtu."

Alinidanganya. Nilimwona akinidanganya. Kikulacho ki nguoni mwako, nikajisemea, na moyo ukafanya kitu cha ajabu: ulifurahi. Ndiyo, ulifurahi, kwa sababu mtu anayeshuku hutamani shaka yake iwe kweli kuliko anavyotamani apone. Kesho yake asubuhi nikapanda basi kwenda Chanika, ile ya Handeni, kumrudisha mke wangu kwao.

Labda unashangaa kwa nini Chanika wakati kwao ni Mkumbara. Kwetu sisi mke hakurudishwa kwao kama chupa tupu ya soda. Aliyekwenda kuposa, mshenga, ndiye mlango. Aliyekuingiza ndiye wa kukutoa, na akisema hajaridhika, hakuna mkwe atakayekusikiliza. Mshenga wangu alikuwa Mzee Mhando, fundi seremala, rafiki wa marehemu baba. Nilimkuta karakanani kwake anapiga randa mbao ya mlango.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, Rajabu. Kaa."

"Nitasimama tu."

Akanitazama miguu ilivyoachana. "Naona. Haya, sema ukiwa umesimama."

Nikasema yote: kikaratasi cha kliniki, pindo la khanga, vikombe viwili, mgeni wa kiume, uongo. Nikafikia vipele. Nikamweleza na dawa. Nilizungumza kwa ufasaha, maana njia nzima kwenye basi nilikuwa najisomea. Nikamalizia: "Naomba umpeleke kwao, mzee. Na hiyo mimba waiangalie wenyewe."

Mzee Mhando akaweka randa chini. Hakupandisha sauti, mzee yule hakupandisha sauti hata siku alipokatwa na msumeno.

"Huyo Shabani ulimkuta chumbani?"

"Hapana."

"Ulimwuliza?"

"Mtu ataulizwa akubali?"

"Vipele daktari kaviona?"

"Hapana."

"Kaviona nani?"

"Mimi."

"Na yule mwuza chupa hakuviona. Kwa hiyo mlalamikaji ni wewe, shahidi ni wewe, hakimu ni wewe, na aliyechapwa ni wewe." Akajipangusa mavumbi ya mbao. "Rajabu, mimi nilikaa kwenye mkeka wa yule mzee kule Mkumbara nikamwambia, kijana wangu hana mali nyingi ila ana akili. Nilikula kuku wake kwa maneno hayo. Leo unataka nirudi nikamwambie binti yako nakurudishia, akili ya kijana ilikuwa ndani ya suruali, na yenyewe ameshaiunguza? Vaa viatu. Tunakwenda hospitali."

"Mzee, lakini kama ni—"

"Kama ni, atasema mwenye kusoma. Wewe hukusomea ngozi. Mimi pia."

Daktari alikuwa binti. Mwanangu, sikuomba hilo. Nilikuwa tayari nimejipanga kumweleza mwanamume mwenzangu wa makamo mwenye mvi, nikafungua mlango nikakuta msichana wa umri wa dada yangu mdogo, na nesi wa kiume amesimama pembeni. Nikashuku nimeingia chumba sicho. Akasema, "Karibu, kaka, hapa sisi tunaona magonjwa, hatuoni watu." Nikavua. Hakucheka wala hakukunja uso. Aliangalia kidonda kwa muda, akauliza nilipaka nini, nikamtajia, akavuta pumzi.

"Hiki kidonda ni cha dawa. Hiki ndicho ugonjwa ulio nao, na umejitengenezea mwenyewe. Tutakisafisha na nitakupa dawa ya kupaka." Kisha akaangalia vile vipele. "Na hivi ndivyo ulivyokuwa unavifukuza?"

"Ndiyo, daktari. Nimeambukizwa nini?"

Alifungua droo akatoa kioo kidogo, akanipa. "Tazama mdomo wako wa juu. Uvute kidogo."

Nikauvuta. Kwenye ukingo wa mdomo, kushoto na kulia, punje ndogo ndogo za rangi ya unjano, zilezile, zimetawanyika vilevile.

"Hivyo vya mdomoni," akasema, "navyo kakuletea nani?"

Nilibaki nimeshika kioo. Nikamkumbuka marehemu baba, alivyokuwa akicheka, na vidoa vile vile juu ya mdomo wake ambavyo nilivitazama utoto wangu wote bila kuviona.

Akanieleza kwa maneno mepesi. Ni vijitezi vya mafuta ya ngozi ambavyo havikupata unywele wa kutokea. Mtu anavyo tangu zamani, na akishakua vinaonekana zaidi. Haviambukizi, havitokani na mwanamke, havitokani na uchafu, havihitaji dawa. Akasema wanaume wengine wana vingine, vidogo laini vilivyojipanga mstari kuzunguka kichwa cha uume mithili ya shanga, navyo ni maumbile tu, na vijana wengi huvikata kwa wembe au kuvichoma kwa vitu vya ajabu wakidhani wamelogwa. "Usiviminye, usivichune, usivipake," akasema. "Viache."

Nikashusha pumzi. "Kwa hiyo mke wangu hana kosa."

Hapo ndipo binti yule alipokunja uso kwa mara ya kwanza. "Kaka, mimi sikupima ndoa yako. Na nisikilize: hata ningekuta ni ugonjwa wa zinaa kweli, mengine hukaa mwilini muda mrefu bila dalili, huwezi kujua yalianza lini wala kwa nani. Kipele hakitaji jina. Mkeo ni mjamzito? Basi mje wote mpimwe, si kwa sababu ya vipele hivi, kwa sababu ya mtoto."

Nikakumbuka kikaratasi chini ya godoro.

Nilitoka nje nimefungwa bendeji na mwepesi wa moyo. Mzee Mhando alikuwa ameketi kwenye benchi, kofia magotini. Nikamweleza. Nikacheka hata, kile kicheko cha mtu aliyekoswa na gari. Nikamwambia sasa limebaki lile la vikombe, na kwa kuwa ugonjwa haupo, labda nimsamehe.

"Umsamehe," akasema mzee. Akavaa kofia. "Kikombe cha pili nilikinywea mimi."

Sikuelewa.

"Mkeo alinitumia salamu na mtu wa basi. Nikaja Manundu, wewe ukiwa haupo. Alinikalisha, akanipa chai, akalia. Anasema mumewe ana mwanamke huko Handeni. Hataki kwenda kliniki kupimwa. Analala kageukia ukuta. Anajifulia nguo asizione. Anatembea kama mtu mwenye ugonjwa wa zinaa na anadai ni nyonga. Aliniomba nimrudishe kwao kabla hajamwambukiza mtoto. Mimi ndiye niliyemkataza asiseme kwamba nilikuja, mpaka niwasikilize wote wawili. Kwa hiyo uongo ule ulikuwa wangu. Na nikwambie, Rajabu, kati ya mashauri mawili niliyopokea, la kwake lilikuwa na ushahidi zaidi."

Mwanangu, wepesi wote ulinitoka. Nilikuwa nimekaa wiki tatu namvizia mwizi mlangoni, kumbe mke wangu niliyemshuku ndiye aliyekuwa anaibiwa ndani.

Tulifika Manundu alasiri. Fundi Shabani alikuwa barazani, akainua mkono kutusalimu, nami sikuweza kumtazama. Ndani, mfuko wa nguo wa Mwanaidi ulikuwa umefungwa kwa kamba, uko karibu na mlango. Mzee akabaki nje kama inavyostahili. Nikafunga mlango. Nikafanya jambo moja nililokuwa nimelikwepa: nikamwonyesha. Kidonda, bendeji, vipele, vyote. Nikamweleza kuanzia sabuni mpaka kioo.

Alisikiliza mpaka mwisho. Kisha akainama, akatazama vizuri, akainua uso.

"Hivi?" akasema. "Ulijiunguza kwa sababu ya hivi? Mbona nimeviona tangu wiki ya kwanza uliponioa."

"Uliviona? Na hukuniambia?"

"Nikwambie nini? Nilidhani wanaume wote wako hivyo."

Akalia yeye, nikalia mimi. Maana nilikuwa nimezunguka Handeni nzima nikitafuta ushahidi juu ya mke wangu, na ushahidi wenyewe ulikuwa katika sentensi ile moja: hakuwahi kuona mwingine wa kulinganisha.

Kliniki tulikwenda Jumatatu iliyofuata, tukapimwa, tukawa salama, na mtoto akazaliwa salama. Lakini usidhani mambo yalirudi yalivyokuwa. Mfuko ule aliufungua, ila ile kamba hakuitupa. Aliitundika kwenye msumari nyuma ya mlango, na ilikaa pale miaka. Sikuwahi kumwambia aitoe. Shabani hakuambiwa chochote mpaka leo. Nguo zangu bado anashona yeye, huzimaliza kabla ya siku tuliyopatana, na bado najiuliza kwa nini. Tabia ni ngozi.

Sasa nasaha yangu, mwanangu, na uipokee hata kama huniamini, maana mimi mwenyewe nisingejiamini.

Jijue mwili wako mapema, mchana, kwa macho, kabla hujawa na sababu ya kuogopa. Ukiona vipele vidogo vilivyotulia, haviumi, haviwashi, havikui, viko vilevile mwezi hadi mwezi, kuna uwezekano mkubwa ni maumbile yako, kama pua ya babu yako. Hata hivyo usijipe cheo cha udaktari. Mwonyeshe tabibu mara moja tu, upate usingizi. Lakini ukiona kidonda, hata kisichouma, malengelenge, usaha au ute unaotoka, mkojo unaochoma, mitoki imevimba kwenye kinena, kipele kinachotoa damu au kubadilika rangi, au kinyama kinachoota na kuzaana mfano wa ua la koliflawa, usisubiri gulio wala safari. Nenda siku hiyo hiyo. Na kama ulilala na mtu bila kinga, nenda ukapime hata kama ngozi yako iko safi, maana si kila ugonjwa hubisha hodi. Mficha maradhi kifo humuumbua.

Wauza dawa wa siku hizi wamehamia kwenye simu zenu. Wana picha za kutisha na krimu za kuletewa mpaka mlangoni, na wao pia hawaombi kukuona. Mtu anayekutibu bila kukutazama, mshuku huyo. Shaka yangu yote ya ujana, hapo ndipo ilipokuwa mahali pake, na hapo ndipo nilipokosa kuitumia.

Na mwenzio, kabla hujamhukumu, mwulize. Kabla hujamwuliza, mwonyeshe. Laiti ningemwita Mwanaidi bafuni Ijumaa ile, angenicheka pale pale na hotuba ningeisikia.

Mungu akupe ngozi yenye afya na macho ya kuitazama bila hofu. Akupe mwenzi wa kumwonyesha usichoweza kumwonyesha mwingine, na mshenga mwenye masikio mawili. Na siku kamba itakapotundikwa nyuma ya mlango wako, akujalie isishushwe kamwe kufungia mfuko. Ya kwangu bado ipo, imeoza nusu. Nimeitazama asubuhi ya leo.